Upande wa Karibu wa Zoom

Chukua lenzi yoyote ya zoom ya miaka ya 1970 au 1980, uizungushe polepole mkononi. Kwenye pete ya fokasi utaona namba zikipungua: mita 10, mita 5, mita 3, mita 2, halafu mita moja na kitu. Hapo ndipo pete inafaa kugota. Lakini kwenye nyingi haigoti. Kuna mstari wa rangi ya chungwa, njano au kijani, na kando yake neno MACRO kwa herufi kubwa. Ukibonyeza kitufe kidogo, au ukiisukuma zoom hadi mwisho wa upande mmoja, pete inavuka kizuizi na kuendelea kuzunguka. Kitu kilichokuwa ukungu mtupu mbele yako kinatulia na kuonekana.

Wasee wengi wanaonunua hizi lenzi za mtumba hawana haja na huo mstari. Wanataka ule upande wa 200 au 210, wa kuvuta vitu vya mbali. Wakiambiwa kuna macro wanapiga ua, wanapiga mdudu, wanapiga jicho la paka, story inaisha. Mimi naishi Ayany, na nimekuja kuamini kwamba huo mstari una historia inayopita maua. Tena hapa Kibera una kazi ambayo upande wa mbali haujawahi kuifanya.

Tuanze na lenzi zenyewe. Mwaka 1955 kampuni ya Mjerumani Heinz Kilfitt ilitoa Makro-Kilar, lenzi ndogo ya milimita 40 iliyoweza kufokasi kutoka mbali kabisa hadi sentimita chache, bila mvukuto wala bomba la kuongezea katikati. Inahesabiwa kuwa lenzi ya kwanza ya macro kwa kamera za filamu ya milimita 35. Miaka minne baadaye, 1959, Voigtländer ikatangaza Zoomar ya milimita 36 hadi 82, zoom ya kwanza kwa kamera za picha za aina hiyo. Aliyeibuni ni Frank Back, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani. Iliyoitengeneza ni kampuni ileile ya Kilfitt. Kwa hivyo macro na zoom ni kama ndugu waliolelewa nyumba moja, ingawa ilichukua miaka mingine kumi na kitu kabla watu hawajaziweka ndani ya bomba moja.

Katikati ya hao wawili kuna wa tatu, na huyo ndiye ananihusu zaidi. Mwaka 1956 Nikon walitoa Micro-Nikkor. Ofisi na maktaba za Japani zilikuwa zinataka kuhifadhi hati kwenye maikrofilamu, kama zilivyofanya nchi za Magharibi. Shida ikawa herufi. Herufi ya Kilatini ni nyepesi, mistari miwili mitatu imeisha. Herufi moja ya kanji inaweza kuwa na mistari 15 au 20 iliyobanana. Lenzi iliyotosha kusoma barua ya Kiingereza iligeuza kanji kuwa madoa ya wino. Ikabidi itengenezwe lenzi kali zaidi, iliyopangiwa kuona vizuri kutoka karibu. Kwa miongo mingi lenzi za macro za Nikon zimeandikwa Micro, na neno hilo lina asili yake kwenye kazi ya karatasi. Kabla ya kuwa mambo ya nyuki na umande, kutazama kwa karibu kulikuwa kazi ya karani.

Katikati ya miaka ya 1970 ndipo zoom na macro zikakutana kwa kishindo. Vivitar, kampuni ya Marekani iliyoagiza lenzi zake kutoka viwanda vya Japani, ilitoa Series 1 ya 70-210, f/3.5, yenye macro ya 1:2.2. Maana yake, kitu cha sentimita 2.2 kinaandikwa kwenye filamu kwa ukubwa wa sentimita moja. Kwa zoom ya wakati huo hiyo ilikuwa balaa. Baada ya hapo kila kampuni ilitaka neno macro kwenye lenzi yake. Wengine walilistahili. Wengine walichora tu neno, ukipima unapata 1:4, 1:5, hata chini ya hapo, na wajuzi wa kamera wamenung'unika tangu enzi hizo kwamba hiyo si macro ya kweli.

Wako sawa. Lakini fanya hesabu kidogo. Fremu ya filamu ya 35 ni milimita 24 kwa 36. Zidisha kwa nne: sentimita 9.6 kwa 14.4. Sasa chukua picha ya zamani ya ukubwa wa postikadi, ile ya sentimita 9 kwa 14 ambayo familia nyingi zilipigiwa studio. Inaingia ndani ya fremu ukingo kwa ukingo, ikibaki nafasi ya ukucha tu. Hiyo "macro ya uongo" ya 1:4 inalingana karibu kabisa na picha ya babu yako.

Yangu ni ya namna hiyo. 70-210, f/4, ya kampuni ambayo hakuna mtu hujivunia. Macro yake hufunguka ikiwa zoom iko 70 peke yake, na imeandikwa 1:4. Nimeifunga kwenye kamera ya dijitali kwa adapta ya bei rahisi. Ule upande wa 210 nautumia mara chache sana, na nina sababu.

*

Kama umewahi kugoogle Kibera, unajua picha itakayotokea. Mtu amesimama juu ya tuta la reli, amevuta zoom hadi mwisho, na mabati yenye kutu yamejaa fremu kutoka chini hadi juu. Zoom ndefu huwa inafanya hivyo: inavibana vitu vilivyo mbalimbali hadi vinaonekana vimelaliana. Barabara zinapotea, ua linapotea, mti unapotea. Unabaki na paa juu ya paa. Haidanganyi moja kwa moja, lakini haikuambii kitu kuhusu mtu yeyote.

Namba za Kibera nazo zilipigwa kwa zoom hiyohiyo. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba watu milioni moja wanaishi hapa, wengine wakaongeza hadi zaidi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070. Unaweza kubishana na sensa, na watu wamebishana nayo, lakini pengo hilo linaonyesha vile mahali panaweza kuangaliwa na kila mtu bila mtu kukaribia. Mwaka huohuo wa 2009 vijana wa hapa walijiunga na mradi mpya wa Map Kibera, wakazunguka na vifaa vya GPS kuandika njia, visima na shule, kwa sababu kwenye ramani za wengi Kibera ilikuwa doa tupu.

Sasa, Ayany ni Kibera gani? Ukishuka stage unaona nyumba za mawe, geti, kamba za nguo, watoto wa shule. Mtu wa nje atakwambia hii si Kibera. Lakini ardhi ni ileile, na historia yake ni ya karatasi zaidi kuliko ya mabati.

Kabla ya kuwa Kibera palikuwa Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu au pori. Wanubi walikuwa askari, asili yao Sudan, walioingizwa kwenye jeshi la Waingereza lililokuja kuitwa King's African Rifles. Mwaka 1904 eneo hili lilitengwa kwa ajili ya jeshi, na askari waliomaliza utumishi wakaruhusiwa kukaa na familia zao. Mwaka 1918 likatangazwa rasmi kwenye gazeti la serikali, karibu ekari 4,200. Askari alipewa karatasi iliyoitwa shamba pass. Ilimruhusu kujenga na kulima. Haikumpa umiliki. Tume ya Ardhi ya Carter, ambayo ripoti yake ilitoka 1934, iliona kwamba serikali ilikuwa na wajibu fulani kwa hawa watu, lakini kisheria ikawahesabu kuwa wapangaji wanaokaa kwa hisani ya serikali tu.

Uhuru ulikuja, jambo hilo likabaki vilevile. Mitaa kama Salama, Fort Jesus, Karanja, Olympic na Ayany ilijengwa juu ya ardhi ya Kibra ya zamani, nyumba za mpango, na wapangaji na wanunuzi wakatoka kila kona ya nchi. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi, ambao walizaliwa hapa na bado wakaachwa bila uhakika wa uraia. Wazazi wao walikuwa wamezoea kuhojiwa kabla ya kupewa kitambulisho: baba yako nani, babu yako alitoka wapi, una nini cha kuonyesha. Hatimaye, mwaka 2017, jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288.

Kutoka 4,200 hadi 288. Na katika miaka yote hiyo swali lilikuwa lilelile: karatasi iko wapi?

*

Ndiyo maana kwenye nyumba nyingi za Makina, moyo wa Wanubi hapa Kibera, bahasha ya picha na karatasi haikai ovyo. Iko kabatini, ndani ya sanduku, chini ya nguo za Idi. Na haitoki.

Nyanya mmoja aliyenikubalia kumpigia nakala za picha zake aliniambia hilo kabla sijakaa. Zamani familia yao ilipeleka picha mbili na shamba pass ya babu kwenye ofisi fulani mjini, wakaambiwa warudi wiki ijayo. Wiki hiyo haijafika. "Sasa mjukuu wangu," akasema, "hiyo mashine yako ije hapa. Picha zangu haziendi mahali."

Hapo ndipo ule mstari wa rangi unapoanza kulipa. Skana nzuri ipo mjini, lakini picha haiendi mjini. Simu inaweza kupiga, lakini lenzi ya simu ni pana, na ukiikaribisha sana picha inavimba katikati na kivuli cha mkono wako kinaanguka juu yake. Lenzi halisi ya macro ni bei. Zoom kuukuu yenye 1:4 inaingia kwenye mkoba pamoja na taa mbili na kioo kidogo cha kujitazamia, na unapanda nayo matatu kama abiria yeyote.

Kioo ni cha nini? Kwa kuwa kazi yote iko kwenye unyoofu. Kamera inafungwa kwenye tripodi ikitazama chini, na inafaa iwe sambamba na meza. Unalaza kioo pale picha itakapokaa, unachungulia. Ukiona tundu la lenzi yenyewe katikati ya fremu, uko sawa. Likiwa limeenda pembeni, rekebisha miguu. Ni hila ya zamani, na inashinda pima maji.

Halafu lazima ujue udhaifu wa chombo. Zoom imepangwa ione vizuri mbali. Ndani yake kuna makundi ya vioo yanayosogea kwa mpangilio, na macro inayasukuma nje ya mipaka yaliyopangiwa. Unalipia kwenye kingo: katikati pako wembe, pembeni panalegea, kama mtu anayesoma huku macho yamejaa usingizi. Kwa hivyo unafunga tundu. Kwa 1:4, ukiwa f/4, kina cha fokasi ni kama milimita 5 tu. Picha ya miaka 70 haijanyooka, imejikunja kama jani, na milimita 5 haitoshi. Ukifika f/11 unapata kama milimita 13, na kingo zinajirudi. Mwanga unapungua, shata inakuwa ya polepole, ndiyo sababu ya tripodi na ya kuomba watoto wasiruke chumbani kwa dakika chache. Taa zinakaa pande mbili, kila moja kwa mshazari wa nyuzi 45, ili karatasi ya kung'aa isikurudishie taa machoni.

Kisha unazima taa moja na kuishusha nyingine hadi karibu ilale mezani. Mwanga ukipita juu ya karatasi kwa ubavu, kila bonde linatoa kivuli. Hapo ndipo nyuma ya picha huanza kuongea. Muhuri uliofifia unarudi. Penseli iliyofutwa inaacha mtaro.

Picha aliyoitaka Nyanya kwanza ilikuwa ya familia mbele ya nyumba. Watu kumi na mmoja: mwanaume mwenye kofia nyekundu ya tarbushi (kwenye picha ni kijivu, yeye ndiye aliyesema nyekundu), wanawake wenye gurbaba, watoto mbele. Kwa macho ya kawaida, nyumba nyuma yao ilikuwa giza tu. Kwenye skrini, tukiwa tumekaribia hadi mwisho wa ile pete, paa likajitokeza kipande kwa kipande. Halikuwa la bati la dukani. Lilikuwa la madebe yaliyokunjuliwa na kupigiliwa, mishono yote inaonekana. Nyuma ya paa, tawi la mwembe. Nyuma ya picha, mwanga wa ubavu ulipopita, neno Kibra kwa penseli na herufi za mwanzo za jina.

Akaiangalia skrini kimya. Halafu akasema mwembe huo anaukumbuka, na kwamba nyumba hiyo ilikuwa upande wetu, kule Ayany, kabla ya mawe.

Sitaki kuongeza chumvi hapa. Lenzi haikuthibitisha nyumba ilikuwa wapi. Haiwezi. Inasoma kilicho kwenye karatasi, basi. Lakini kuna tofauti kati ya mtu anayesema "palikuwa na nyumba yetu" na mtu anayeweza kuweka mezani paa, mwembe, neno lililoandikwa nyuma, na sura za waliokaa humo. Mpiga picha Greg Constantine alielewa hilo alipotoa mwaka 2011 kitabu chake kuhusu Wanubi wa Kenya: pamoja na picha alizopiga mwenyewe, aliweka picha za zamani kutoka kwenye familia zenyewe. Alionyesha kwamba ushahidi ulikuwa umekaa makabatini muda wote, ukisubiri mtu akaribie.

*

Kuna jambo kubwa kuliko Kibera ndani ya hii kazi, nalo ni nani anabaki na karatasi halisi. Waingereza walipokuwa wanafunga virago mwaka 1963, walisafirisha mafaili mengi ya utawala wao hapa Kenya hadi Uingereza. Yalikaa yamefichwa kwa karibu nusu karne. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London, ndipo serikali yao ikakubali kwamba yapo, kwenye ghala huko Hanslope Park. Karatasi halisi ziliondoka, na hapa hatukubakishiwa nakala.

Miaka hiyohiyo ya 1960 kulikuwa na njia nyingine. Mafaili ya hifadhi yetu ya taifa yalipigwa kwenye maikrofilamu kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Ukifika leo kwenye jengo la Kenya National Archives pale Moi Avenue, mafaili bado unaweza kuyaomba, na msomi aliye Syracuse anasoma nakala. Unaweza kuuliza maswali mengi kuhusu mpango huo, na yafaa kuulizwa. Lakini angalia mwelekeo: nakala ilisafiri, karatasi ikabaki. Kati ya njia hizi mbili kuna lenzi tu iliyoweza kutazama kwa karibu.

Nikiwa na tripodi kwenye sebule ya mtu huwa nafuata hiyo njia ya pili, na nina masharti ambayo siyavunji. Picha haivuki mlango. Kama imegandiana na kioo cha fremu, haibanduliwi, inapigwa hivyohivyo ndani ya kioo. Nyuma inapigwa pia, hata ikionekana tupu. Nakala zinawekwa sehemu tatu: flashi kwa mwenyewe, flashi kwa mtoto au mjukuu anayeishi nyumba nyingine, na moja kwangu ikiwa tu wameniruhusu. Hakuna kitu kinachowekwa mtandaoni bila neno la mwenye picha. Watu wa Kibera wamepigwa picha za kutosha na watu ambao hawakurudi.

Na kuna sharti la mwisho, ambalo lenzi haiwezi kunisaidia. Kila uso uandikwe jina. Kwa 1:4, na kamera yoyote ya leo, nyusi zinaonekana, vifungo vya koti vinahesabika, unaona nani alifumba macho. Jina halionekani. Jina liko kwa mtu aliye hai, na hao wanapungua. Kwenye ile picha ya watu kumi na mmoja, Nyanya alitaja sita bila kusita, wa saba baada ya chai. Wanne hatujawapata.

Wawili wa nyuma, karibu na mlango, anasema kuna mzee Makina anawajua. Mzee ana miaka tisini na kitu na haoni vizuri tena, kwa hivyo nimechapisha sura zao kubwa, kila moja ukurasa mzima. Jumamosi baada ya adhuhuri tunampelekea.